Liondoeni Lile Tangazo

Na Mama Subira

Naandika nikiwa na hasira, na sitasubiri zipoe, kwa sababu usaili ni Jumatano ijayo.

Jumanne nilialikwa kwenye mkutano wa wadau katika chuo kikuu kimoja cha hapa nchini. Chuo hicho kinaanzisha shahada ya umahiri ya masomo ya mipaka na kinatafuta wahadhiri wa kuifundisha. Nilikwenda kwa furaha. Wasomaji wa safu hii ya Alhamisi mnajua nilivyolipigia kelele jambo hili tangu enzi Kenya ilipozuia mahindi yetu: nchi inayopakana na nchi nane, nchi kavu na majini, haiwezi kuendelea kuwaachia wageni kazi ya kuichunguza mipaka yake. Nikasema moyoni, hatimaye.

Rasimu ya mtaala ilipoonyeshwa ukutani nilipiga makofi. Historia imo, sheria imo, uchumi, afya ya jamii, mifugo, mazingira, lugha, vyote ndani ya shahada moja. Mwanafunzi atakaa mpakani muhula mzima. Kila ukurasa unasema jamii ya mpakani itashirikishwa, na kwa kweli jamii yenyewe ilikuwepo ukumbini: wanawake wafanyabiashara wa Namanga, mpakani na Kenya, waliopanda Noah kabla hakujapambazuka, kisha wakaunganisha basi. Walikuwa wameketishwa safu ya nyuma kabisa.

Kisha zikaja sifa za mwombaji katika tangazo la kazi. Awe na shahada ya uzamivu. Shahada ya kwanza GPA isiyopungua 3.8 na ya pili isiyopungua 4.0, namba ambazo kila kijana aliyewahi kuota uhadhiri nchini anazijua kwa uchungu. Shahada zote tatu ziwe za fani moja. Awe na machapisho katika majarida ya kimataifa. Basi. Hakuna mstari unaouliza kama mwombaji amewahi kufanya kazi na watu wa mpakani, wala kama anaweza kulieleza jambo kwa Kiswahili mbele ya watu wasiosoma majarida. Mpaka haumo kabisa katika tangazo la kumtafuta mwalimu wa mipaka.

Mama mmoja anayeuza nafaka alinyanyua mkono. Alisimama akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mwanangu, shikamoo kwanza kwa wakubwa wote. Huyo mwalimu mnayemtafuta, sisi tutamwona lini? Maana mtoto wangu mkimfundisha habari za Namanga, ningependa aliyemfundisha nimjue."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba hilo ni suala la utawala, litajadiliwa baadaye. Halikujadiliwa. Tulikwenda kula.

Nimelala na swali la yule mama siku zote hizi. Ndilo lililokuwa swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na aliyeliuliza aliambiwa halimhusu.

Hebu tuchukue Namanga yenyewe. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto pale. Serikali ilisema viliingia kinyume cha sheria na kulikuwa na hofu ya mafua ya ndege. Niambieni, hilo ni somo la idara gani? Daktari wa mifugo ataeleza ugonjwa. Mwanasheria ataeleza kanuni. Mchumi ataeleza kwa nini kifaranga kinavushwa, na mwanahistoria atawakumbusha kwamba Wamaasai wa Longido na wa Kajiado walikuwa wakipelekeana mifugo kabla hakujawa na mtu wa kumwonyesha hati. Ukimpa mmoja wao tu kazi ya kulifundisha jambo hilo, wanafunzi watatoka na robo ya ukweli.

Mahindi ni hivyo hivyo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalisimama. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti, lakini gunia lililokaa juani kwenye turubai halisubiri barua ya waziri. Aliyelielewa sakata lile vizuri ni yule aliyejua maabara inapima nini, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema nini, na wanawake wenye magunia kumi kumi wanakopa wapi mtaji. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 2020, madereva wa malori walikwama mpakani kwa ajili ya vipimo vya korona, na pale pia afya, biashara na siasa za nchi mbili zilikuwa kitu kimoja.

Jambo la kunichoma zaidi lilitokea nje ya ukumbi. Kijana mmoja alinifuata, akaniamkia, akaniambia ananisoma. Ni daktari wa mifugo kwa shahada ya kwanza. Ya pili ni sheria za biashara. Tasnifu ya shahada ya tatu ameiandika kuhusu biashara ya ng'ombe wanaovushwa kati ya nchi yetu na Kenya, na ili aiandike aliishi minadani na wachunga ng'ombe, akalala walikolala. Ana kipindi cha redio anachokiendesha kwa Kiswahili na Kimaasai, na humo anawaeleza kina mama kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha uasilia chini ya utaratibu wa Afrika Mashariki, bila kumlipa kishoka na bila kupita njia za panya. Nilipowataja wale wanawake wa Namanga, akatabasamu. Wanamjua. Mmoja wao alikuwa ameshamwita "baba" kwa mbali na kumpungia mkono.

Akanionyesha simu. Ujumbe wa chuo ulikuwa wa mstari mmoja: sifa zake haziendani na fani iliyotajwa.

Nilimuuliza aliomba fani gani. "Masomo ya mipaka, mama." Nikamuuliza tena, nikidhani sikusikia vizuri.

Wasomaji wangu, niwaambie ninavyoliona. Huyo ndiye mtu ambaye mtaala ule uliandikwa kwa ajili yake. Wangekaa kumchora kwa penseli wasingempata aliye karibu zaidi. Na wamemkataa kwa sababu amefanya kile ambacho shahada yao inaahidi kukifanya. Sababu yake ni moja: matangazo yetu ya ajira za vyuo yanaandikwa na idara kwa ajili ya kulinda idara. Mtu aliyesoma fani tatu hana idara ya kumtetea, kwa hiyo anakuwa wa kwanza kuondolewa. Kipindi cha redio hakihesabiwi wakati wa kupandishwa cheo. Makala iliyoandikwa na watu watano wa fani tano inagawanywa vipande, kila mtu abaki na alama kidogo. Halafu tunashangaa kwa nini wasomi wetu hawaonekani mpakani.

Namanga kuna kituo cha huduma za pamoja. Marais wa nchi mbili walikizindua mwaka 2018, na maofisa wa uhamiaji na forodha wa Kenya na Tanzania wanafanya kazi chini ya paa moja, kila mmoja kwa sare yake na sheria zake, na msafiri anahudumiwa na wote wawili bila kuingia majengo mawili. Serikali mbili zimeweza. Idara mbili za chuo kimoja, zilizotenganishwa na korido, zimeshindwa kumwajiri mtu mmoja.

Wenzetu wameshapita hapa. Jorge Bustamante wa Meksiko alisoma sheria kwanza, kisha akasomea sosholojia Marekani. Akiwa mwanafunzi alivuka mpaka wa Meksiko na Marekani kama wahamiaji wasio na hati, ili aandike anachokijua. Mwaka 1982 ndiye aliyeanzisha Tijuana kituo cha utafiti ambacho leo kinaitwa El Colegio de la Frontera Norte, na baadaye Umoja wa Mataifa ukamfanya mtaalamu wake maalumu wa haki za wahamiaji. Kwa tangazo letu, Bustamante angepokea ule ujumbe wa mstari mmoja. Na Afrika yupo Anthony Asiwaju, mwanahistoria wa Nigeria, mzaliwa wa Imeko karibu kabisa na mpaka wa Benin, aliyehariri mwaka 1985 kitabu kuhusu jamii za Kiafrika zilizokatwa na mipaka, *Partitioned Africans*. Hakuishia darasani. Aliitumikia Tume ya Taifa ya Mipaka ya nchi yake kama kamishna.

Najua mtakaoniandikia kwamba nataka kushusha viwango. Mtakuwa mmenisoma vibaya. Nataka kiwango kipande. Kila mwombaji atoe mhadhara wake wa kwanza Namanga, kwa Kiswahili, mbele ya wauza nafaka, mawakala wa forodha, madereva na maofisa wa uhamiaji, na wamuulize maswali mpaka watosheke. Siku ya pili aje chuoni awajibu maprofesa. Kwenye jopo la usaili wakae wawili kutoka mpakani, wenye kura, wanaolipwa posho sawa na wengine. Tangazo litaje kwamba fani mbili au tatu ni sifa ya ziada. Barua ya ajira iseme wazi kwamba kazi ya redio, mafunzo kwa wafanyabiashara na ripoti iliyoandikwa kwa lugha ya wananchi vitahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo, na kwa uzito gani. Mwombaji wa 3.9 anayeogopa siku ile ya Namanga ajitoe mwenyewe.

Nina sababu ya nyumbani ya kusema kwa ukali hivi. Shangazi yangu wa Sirari, ambaye katika safu hii mmeshamzoea, aliolewa Isebania, upande wa pili wa mpaka, Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, yeye alibaki kule, mama yake akabaki huku. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo mama yake alifariki, na shangazi alivuka usiku kupitia mashamba ya mahindi kuja kumzika, akarudi usiku uleule kwa sababu watoto walikuwa peke yao. Hilo halimo katika faili lolote. Limo kichwani mwake, kwa Kikuria, naye sasa ni mzee. Msomi anayeweza kukaa naye jikoni akamsikiliza, kisha akaliunganisha na mikataba ya nchi na bei za mazao, namtaka sasa hivi, maana kina shangazi hawatatusubiri.

Na nani atamchagua msomi huyo? Wakati wa chai nilisimama karibu na mmoja wa watakaokaa kwenye jopo la Jumatano. Akawa anawasimulia vijana, kwa uhakika mkubwa, kwamba mpaka wetu na Kenya umepinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu na si kweli. Mstari ule ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Mombasa ikabaki upande wa Waingereza, na Wajerumani walikuwa tayari na mikataba waliyoitia saini na watawala wa Uchagga. Mtoto wa sekondari akiisimulia hadithi ile namsamehe. Huyu ndiye atakayempima mwalimu wa mipaka.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa jina la wale wanawake wa safu ya nyuma: liondoeni lile tangazo. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Ahirisheni usaili, andikeni tangazo jipya, na safari hii muandike mkiwa Namanga, pamoja na watakaoishi na matokeo yake. Mtaala wenu ni mzuri, na ninauonea huruma.

Mkikataa, basi Jumatano endeleeni. Orodha ya walioitwa imebandikwa, na machapisho yao yanapatikana mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuyaona. Nimeyapitia yote, la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna hata moja linalohusu mpaka.