Acheni kuwafukuza watoto kwenye Paint

Jamani wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Majuzi nilikuwa nyumbani Kinakomba. Asiyepajua ashike barabara ya Malindi kwenda Garissa, apite Garsen, na kabla hajafika Hola atakuwa ametupita. Nikaitwa kwenye shule moja (jina naliweka kapuni) nitazame kompyuta zao sita ambazo zilikuwa zinajivuta. Nikakuta msichana wa darasa la tano amefungua Paint anachora mtumbwi. Mwalimu akaingia: "Funga huo mchezo, fanya kazi!" Na kazi yenyewe ni ipi? Kunakili aya kutoka ubaoni na kuipiga kwenye Word, kwa kidole kimoja. Kisha akanigeukia mimi fundi na kuniomba niiondoe kabisa hiyo Paint kwenye mashine zote.

Nilikataa. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kwa kuwa najua walimu na wazazi wenye mawazo kama yake ni wengi, hebu niyaseme hapa.

Kwanza, hao waliotutengenezea kompyuta hawakuona kuchora ni mchezo wa kupoteza wakati. Macintosh ya kwanza ilipotoka 1984 ilikuja na programu mbili: MacWrite ya kuandika na MacPaint ya kuchora, kazi ya Bill Atkinson. Windows ya kwanza kabisa, ya 1985, tayari ilikuwa na Paint ndani. Mwaka 1989 Craig Hickman akatoa Kid Pix baada ya kumwona mwanawe mdogo akihangaika na MacPaint. Na Microsoft walipotangaza 2017 kwamba Paint inawekwa pembeni, watu walipiga kelele mpaka kampuni ikageuza kauli. Hivi wote hao walikuwa wanalilia mchezo wa watoto?

Pili, na hapa ndipo penye utamu. Yule msichana alichora mtumbwi, akachukua kopo la rangi, akabofya ndani. Rangi ikamwagika ukurasa mzima! Akashtuka, nusura alie. Nikamwambia akuze picha. Akakuta pengo la pikseli moja tu, pale ubavu wa mtumbwi ulipokutana na mkia wake. Sasa mtoto wa mto Tana umweleze nini zaidi? Anajua tuta la shamba likipasuka mahali padogo nini hutokea. Mafuriko ya 2023 aliyaona kwa macho yake. Akaziba pengo, akamwaga tena, rangi ikatulia ndani.

Ndugu msomaji, kule chuo kikuu hiyo hesabu ya kumwaga rangi inaitwa kwa jina lilelile la gharika. Anza na pikseli moja, tazama jirani zake wanne, mwenye rangi ileile ya mwanzo mpake, kisha nenda kwa jirani zake. Mimi niliiandika mwaka wa pili, nikaiacha ijiite yenyewe bila kikomo, programu ikafa kwa kujaza kumbukumbu. Binti wa darasa la tano ameielewa kwa dakika kumi bila kuandika msimbo wowote. Halafu unaniambia nimfutie.

Kuna na hesabu ya faili. Picha ya pikseli 800 kwa 600 ni pikseli 480,000. Kila moja inakula baiti tatu: nyekundu, kijani, buluu. Jumla 1,440,000. Ihifadhi kama BMP ya rangi kamili, tazama ukubwa wake: baiti 1,440,054. Zile 54 za ziada ni utambulisho wa faili. Ihifadhi tena kama PNG uone inavyosinyaa. Word itakufundisha hayo lini?

Wenzangu waandishi wa programu nao wana lao. "Wape Photoshop, ndiyo yenye ajira." Photoshop gani, ya flashi ya mtaani iliyojaa virusi? Hizo mashine nilizikuta zinajivuta kwa sababu hiyo hiyo. Wengine wanasema siku hizi unaandika sentensi moja na akili bandia inakuchorea kiboko. Sawa, kiboko utampata. Lakini pengo la pikseli moja hutalitafuta, kwa sababu mtumbwi si wako.

Mimi niliongeza Tux Paint. Ni programu huria ya bure, Bill Kendrick aliianzisha 2002, na inakwenda hata kwenye mashine kuukuu. Ina ila yake, nisifiche: inahifadhi picha bila kumuuliza mtoto jina la faili, kwa hiyo habari ya folda hajifunzi. Ndiyo maana Paint sikuitoa. Lakini Tux Paint ina kitu ambacho Paint haina, nayo ni mihuri: picha ndogo unazogonga kwenye ukurasa, na unaweza kuweka za kwako.

Tengeneza PNG yenye mandhari angavu, iite mamba.png, iweke kwenye folda ya stamps. Kando yake weka mamba.txt. Mstari wa kwanza ndio unaosomeka pasipokuwa na tafsiri. Chini yake andika sw.utf8=Mamba. Ukitaka muhuri utoe sauti, weka mamba.ogg. Basi. Hata rangi zinabadilika: andika faili lenye msimbo wa rangi na jina lake kila mstari, kisha ulitaje kwenye tuxpaint.conf kwa colorfile. Nimewawekea rangi ya maji ya Tana wakati wa masika. Buluu kwenye mto huu nani ameiona?

Watoto wakauliza kama sauti lazima iwe Kiswahili. Lazima ya nini! Faili la sauti halijui lugha. Bibi mmoja jirani na shule akatusemea majina ya wanyama kwa Kipokomo kwenye simu yangu, nikayageuza kuwa ogg. (Wapokomo ndio waliotoa mahadhi ya wimbo wa taifa mwaka 1963, kutoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto. Muhuri wa mamba utawashinda?) Darasa zima lilikuwa linabofya mamba na kucheka. Mwalimu naye alisimama mlangoni, akabofya mara mbili akidhani sioni.

Bado hajakubali, lakini. Anasema atalipeleka kwa mwalimu mkuu. Nimeziacha mashine zote sita na programu zote mbili, pamoja na mihuri tisa. Wa kumi ni yule nyani wa msituni kwetu, mangabey; nilipofuta mandhari nilimkata mkia, na watoto wamegoma kumpokea hivyo. Namrekebisha wikendi hii.