Mzuka Hauna Jina, Marehemu Analo

Usiku uingiapo Wandegeya, wauzaji wa chapati za mayai huchochea makaa yao kando ya barabara, na wanafunzi wa Makerere huteremka kilimani kutafuta chakula na mazungumzo. Mtaa huu, uliopata jina lake kwa ndege aina ya mnana, haujui kulala mapema. Katika mazungumzo ya saa hizo, habari za mizuka hazikosekani. Huyu atasimulia ya bweni la zamani, yule ya chumba cha maiti cha Mulago kilicho jirani, na wa tatu atasema juu ya majumba ya michezo ya kuigiza, ambamo viti husemekana kulia pasipo mtu kuketi.

Hatuna nia ya kuwacheka wasimulizi hao. Hadithi za namna hii hufuatana na majumba ya michezo duniani kote. Katika Drury Lane, mjini London, husimuliwa habari za bwana mmoja aliyevaa joho la kijivu, ambaye hupita katika roshani ya juu mchana, na waigizaji humhesabu kuwa dalili ya heri. Marekani ipo desturi ya kuacha taa moja ikiwaka jukwaani baada ya watu wote kuondoka. Mafundi husema ni kwa ajili ya mlinzi asije akatumbukia shimoni gizani. Wengine husema ni kwa ajili ya wale wasioonekana. Na kila mtu aliyewahi kulala katika nyumba ya zamani anajua kwamba mabati hupoa usiku na kupasua kimya, mbao hujinyosha, na kamba husuguana kwa upepo. Jumba la michezo lina vyote hivyo, tena ni kubwa na lina giza.

Lakini sisi wananchi wa Uganda tunalo jambo zito zaidi la kufikiri kila tunapolitaja jumba kongwe la michezo. Mwendo mfupi kutoka Wandegeya, karibu na Bunge, limesimama Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1959. Wapita njia wote wanaujua uso wake wa saruji iliyotobolewa matundu mengi kama sega la nyuki. Ukumbi wake si mkubwa. Viti vyake havifiki 400. Hapo mwanzo wengi waliolitumia walikuwa Wazungu na Wahindi, na mwananchi wa kawaida aliliona kuwa nyumba ya wageni. Hali hiyo haikudumu, kwa maana wananchi walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao wenyewe. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameunda chama cha waigizaji Waafrika tangu mwaka 1954, na michezo ya Kiganda ilikuwa ikivuta watu.

Mwezi wa Novemba 1962, katika kuadhimisha Uhuru wetu, wanafunzi wa Makerere walionyesha katika jumba hilo mchezo uitwao The Black Hermit. Mtungaji wake alikuwa mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, walimu na wanafunzi wa kilima hicho hicho walianzisha kikundi cha michezo cha kusafiri, wakaenda vijijini na mijini wakiigiza bila kudai kiingilio, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zao. Mwaka 1966 mshairi Okot p'Bitek akashika uongozi wa Kituo cha Utamaduni chenye jumba hilo. Hivyo nyumba iliyoanza kwa ugeni ikawa nyumba yetu.

Ndipo tunapofika mahali ambapo hadithi za mizuka hazitoshi. Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa michezo, alikuwa mkurugenzi wa jumba hilo katika miaka ya utawala wa Idi Amin. Mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, uliopambwa kwa muziki wa Wassanyi Serukenya, ulisimulia ugomvi wa madaraka kwa namna ambayo kila mtazamaji aliielewa. Mapema mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Punde baada ya kurudi nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa utawala ule, akauawa. Mwezi wa Februari mwaka huo huo ndio aliouawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Wasanii wengine walikimbia nchi. Robert Serumaga, aliyeipatia Uganda sifa ng'ambo kwa mchezo wake Renga Moi, aliingia katika harakati za kumwondoa Amin, akafariki Nairobi mwaka 1980.

Wazee wetu katika sehemu nyingi za nchi hii walifundisha kwamba roho ya mtu aliyeuawa pasipo haki haitulii mpaka jambo lake limesemwa hadharani. Mwenye kuamini na aamini, na asiyeamini na asiamini. Lakini mafundisho hayo yana hekima ambayo hata mwanasheria hawezi kuikataa. Jambo lisilosemwa halifi. Hugeuka kuwa mnong'ono, na mnong'ono ukikaa sana hugeuka kuwa mzuka. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mzuka hauna jina. Hauulizi nani aliyetoa amri, nani aliyeitii, na nani aliyenyamaza. Tukiuacha uchukue nafasi ya marehemu, tutakuwa tumempumzisha muuaji badala ya aliyeuawa.

Tume ya kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu, iliyoundwa mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder, ilisikiliza mashahidi wengi na kutoa ripoti mwaka 1994. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Hata hivyo, ripoti hukaa kabatini, na kijana anayekata tiketi leo haipiti njiani. Jumba analipita.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, majina ya wasanii waliouawa kwa ajili ya kazi yao yaandikwe ndani ya jumba hilo, mahali ambapo kila aingiaye atayasoma, pamoja na mwaka na sababu. Pili, waigizaji, mafundi wa taa na watazamaji wa miaka ile ambao wangali hai waandikwe habari zao sasa, kwa sauti na kwa maandishi. Na kazi hiyo ingewafaa sana wanafunzi wa Makerere, ambao wazee wengi wa namna hiyo ni jirani zao. Tatu, lile wazo lililozuka katika miaka ya 2010, la kulibomoa jumba ili kujenga jengo refu la biashara, lisirudi tena.

Wako watakaosema kwamba ukumbi ni mdogo, umechakaa, na kiwanja chake ni cha thamani kubwa. Yote hayo ni kweli. Wasanii wanastahili ukumbi mkubwa zaidi, na Serikali ifanye hima kuwapatia. Lakini kujenga jipya hakulazimishi kuvunja la zamani. Watu wa Wandegeya waliliona Jengo Kuu la Makerere, la mwaka 1941, likiteketea mwezi wa Septemba 2020. Taifa halikusema kwamba kiwanja kile kiuzwe. Lilijengwa upya kwa sura ile ile, likafunguliwa mwaka 2024. Ikiwa tuliweza kurudisha kilichoungua, tutashindwaje kutunza ambacho bado kimesimama?

Taa moja na iachwe ikiwaka katika jukwaa letu. Isiwe ya kufukuza mizuka. Iwe ya kusomea majina.