Stesheni tele, waajiri wachache

Ukiwa Meru, Kisii au Kilifi, washa redio uzungushe masafa polepole. Stesheni ni kibao: zingine za Kiswahili, zingine za lugha ya mama, zingine ni nyimbo tu kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa kijana aliyetoka chuoni na diploma yake ya uanahabari, hapo panaonekana soko limejaa kazi. Nchi ina zaidi ya stesheni 100, mtu atakosaje hata moja?

Shida ni kwamba tunahesabu stesheni badala ya kuhesabu wenye stesheni.

Royal Media Services pekee ina Radio Citizen, Inooro, Ramogi, Musyi, Chamgei, Egesa, Mulembe, Muuga, Bahari na zingine. Mediamax ina Milele, Kameme, Meru FM, Emoo, Mayian, Pilipili na Msenangu. Radio Africa ina Kiss, Classic na Radio Jambo. Standard Group ina Radio Maisha, Spice na Vybez. Ndiyo, kuna KBC ya serikali, kuna vituo vya kidini, vya kijamii na vya wawekezaji wadogo. Lakini kazi ya redio yenye mshahara wa kueleweka iko kwa kiasi kikubwa mikononi mwa kampuni chache, na neno la mwisho hutoka Nairobi.

Haikuanza hivyo. Kameme FM iliingia hewani mwaka wa 2000, miongoni mwa stesheni za kwanza za kibinafsi za lugha ya mama, ikiwa imeanzishwa na mwanahabari Rose Kimotho. Baadaye iliuzwa kwa Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Rais mstaafu Uhuru Kenyatta. Msikilizaji hakuhitaji kubadilisha chochote, kwani lugha ilibaki ile ile na jina lile lile. Aliyepata mdosi mpya ni mfanyakazi.

Na tusiwe wanafiki, kampuni kubwa ina raha yake. Koch FM pale Korogocho ilianza 2006 ndani ya kontena, ikiendeshwa na vijana wa mtaa kwa kujitolea. Heshima kwao, kabisa. Lakini mwenye nyumba hapokei kujitolea mwisho wa mwezi. Kampuni ndiyo yenye mitambo inayofika mbali, bima ya matibabu, na wakili mtu akishtakiwa kwa alichosema hewani.

Sasa tuseme wewe ni mtangazaji wa Kimeru na kazi unaijua. Kwenye hizo kampuni kubwa una Muuga FM ya Royal Media na Meru FM ya Mediamax. Basi. Lugha yako imekuwa ngao yako na kamba yako kwa wakati mmoja.

Ngao kwa nini? Angalia yaliyotokea Marekani. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya stesheni ambazo kampuni moja ingemiliki nchi nzima. Clear Channel, ambayo sasa inaitwa iHeartMedia, ilinunua hadi ikawa na zaidi ya 1,000. Ikawa mtangazaji mmoja anarekodi sauti yake inachezwa katika miji kadhaa, akijifanya yuko pale pale, akitaja mitaa ambayo hajawahi kukanyaga. Wenyeji waliokuwa wakifanya kazi hiyo wakaenda nyumbani. Huku kwetu ni vigumu. Mdosi hawezi kumtoa mtu kipindi cha Kiswahili Nairobi amrekodi akisalimia wazee wa Maua kwa Kimeru. Atagunduliwa kabla hajamaliza salamu.

Kamba ni kwamba ujuzi huo huo hauuziki kwingine. Ukikosana na mwajiri wa kwanza, umebaki na mlango mmoja, na mwenye huo mlango anajua hivyo mnapoketi kuzungumzia mshahara. Mtangazaji maarufu wa Kiswahili anaweza kuwindwa na stesheni nne tano kwa mpigo. Wewe unayependwa na kaunti mbili nzima huna wa kukuwinda.

Kufanya kazi vizuri nako hakukulindi sana. Katikati ya 2016, Nation Media Group ilifunga QFM iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili, pamoja na Nation FM, na KFM ya Rwanda. Maelezo yalikuwa kwamba kampuni inajipanga upya ielekee kwenye dijitali. Isome tena hiyo sababu. Haimhusu mtangazaji wa asubuhi wala msikilizaji wake. Ndani ya kampuni yenye magazeti, runinga na tovuti, redio ni mstari mmoja kwenye kitabu cha hesabu, na mstari hufutwa na mtu ambaye pengine hajawahi kusikiliza kipindi chako. Mwaka wa 2020, corona ilipobana biashara, Mediamax ilikata mishahara, kukazuka mvutano, na kufikia Juni zaidi ya wafanyakazi 100 walikuwa wamepigwa kalamu. Wote ni wa kampuni moja: wa runinga, gazeti na redio.

Kisha kuna siasa ya matangazo ya biashara. Machi 2024 serikali iliagiza wizara na mashirika yake yapeleke matangazo ya redio na runinga KBC pekee. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, lakini pesa zikipungua huko juu hazikatwi kwa mkurugenzi kwanza. Zinakatwa kwa mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari, ambaye akikosa kupiga simu leo hana chochote kesho.

Ndiyo maana ukiitwa kazi, kabla ya kuposti picha na maikrofoni, soma karatasi. Je, unaajiriwa au unatakiwa kupeleka invoisi kila mwezi? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiriwa akiachishwa kwa sababu nafasi imefutwa, lazima apewe notisi ya angalau mwezi mmoja, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Mtu wa invoisi hukatwa ushuru wake kama kawaida, lakini siku ya kufungwa anaambiwa yeye ni mtoa huduma, huduma haihitajiki tena. Wawili hao wanaweza kuwa wamekaa studio moja miaka sita, wakipokezana kiti.

Angalia pia kama kuna kifungu cha kukukataza kufanyia kazi mshindani ukiondoka. Jadiliana kabla ya kutia sahihi, uliza kiondolewe au kipunguzwe muda. Kwa mtangazaji wa Kiingereza jijini, miezi sita ya kukaa nje ni usumbufu, lakini ana pa kujaribu baadaye. Kwa yule wa Kimeru, mshindani ni ile stesheni moja iliyobaki.