Asilimia ya Nini?

Wapo malenga wanaodhani hesabu za asilimia ni mambo ya wahasibu. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu na kufundisha sekondari hadi kustaafu naona kwamba mafumbo ya faida na hasara huwashinda wanafunzi kwa lugha kabla hayajawashinda kwa hesabu.

Hapa Nyangoto, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, neno mrabaha halihitaji kamusi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4. Marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Je, ulipanda kwa kiasi gani? Mmoja atasema asilimia 2, mwingine asilimia 50, nao watabishana kijiweni hadi jua lizame. Wa kwanza ametoa 4 katika 6. Wa pili ameuliza ile 2 iliyoongezeka ni sehemu gani ya 4. Hesabu za wote ni sahihi, ila usemi wa wa kwanza una kasoro: ilimpasa kusema “pointi 2 za asilimia”. Istilahi tunayo, uvivu ndio unaotufanya tuiache.

Tazameni pia viunganishi vyetu vidogo. Mtaji wa shilingi 1,000,000 ukishuka kwa asilimia 40, zimebaki 600,000. Ukishuka hadi asilimia 40, zimebaki 400,000. Mshairi aliyeweka “hadi” mahali pa “kwa” ili atimize mizani amemla mwenzake shilingi 200,000!

Fumbo gumu zaidi ni la kurudi ulikotoka. Septemba 2011 wakia ya dhahabu ilifika takriban dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa takriban dola 1,050. Bei ilishuka kwa asilimia 45 hivi. Je, ikipanda kwa asilimia 45 itarejea? La. Dola 850 zilizopotea ni asilimia 45 ya 1,900, lakini ni asilimia 81 ya 1,050. Sikio husikia neno “asili” ndani ya “asilimia”. Sidai kwamba ndivyo lilivyoundwa, bali ndivyo linavyofundishika: asili ikibadilika, jibu hubadilika.

Kwa hiyo napendekeza mafumbo haya yaingie katika kipindi cha Kiswahili, chini ya ufahamu, na mwanafunzi asiruhusiwe kushika kalamu kabla hajajibu: asilimia ya nini? Mwalimu wa hisabati anakaribishwa kuketi dawati la nyuma.