Afya Yetu: Anayetaka Kuacha Pombe Atafute Wenzake

Katika vijiji vyetu wapo watu ambao pombe imewashinda. Wengine hunywa gongo. Wengine hunywa mbege, wanzuki au ulanzi. Mtu wa namna hiyo huahidi kila asubuhi kwamba leo hatakunywa. Jioni ikifika, miguu humpeleka kilabuni. Fedha za mbolea na za sare za watoto huishia huko. Watu humwita mlevi na kumcheka. Lakini kumcheka mgonjwa hakumponyi.

Pengine mtu huyo ni mumeo, mkeo au mtoto wako. Pengine ni wewe mwenyewe. Shika jambo hili moja: anayetaka kuacha pombe asijaribu peke yake. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwanza, nenda zahanati

Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa nyumbani. Mwili wake umeizoea pombe. Akiikosa, baada ya saa chache huweza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Wengine hushikwa na degedege. Wengine huchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo huweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe haraka kituo cha afya au hospitali. Ziko dawa za kumsaidia.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha, mweleze mganga ukweli: unakunywa pombe gani, kiasi gani, na tangu lini. Usione haya.

Pili, tafuta wenzako

Mwili ukitulia, kazi bado haijaisha. Hamu ya pombe hurudi. Hapo mtu anahitaji wenzake waliopatwa na shida hiyo hiyo.

Mwaka 1935 jambo hili lilionekana katika mji wa Akron, nchini Marekani. Mfanyabiashara mmoja, Bill Wilson, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka Akron iliharibika, na hamu ya pombe ikamrudia. Badala ya kuingia baa, alipiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari Bob Smith, ambaye naye pombe ilikuwa imemshinda. Walizungumza kwa saa nyingi. Mwezi Juni mwaka huo daktari aliacha pombe, na hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Kisha wawili hao walikwenda hospitali kumtafuta mlevi wa tatu.

Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Leo kina vikundi katika nchi nyingi. Hakitozi kiingilio wala ada. Sharti la kujiunga ni moja tu: mtu awe anataka kuacha pombe.

Utakipata wapi kikundi?

Muulize mganga wa zahanati, au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Ukienda makao makuu ya wilaya, muulize ofisa ustawi wa jamii. Waulize pia viongozi wa dini. Si lazima ueleze habari zako zote. Sema tu: "Natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe." Wa kwanza akisema hajui, muulize wa pili.

Kama hakuna kikundi karibu, anzisheni chenu. Watu wawili wanatosha kuanza. Fanyeni hivi:

1. Chagueni siku moja ya wiki. Kutaneni jioni, saa ile ambayo mlikuwa mkienda kilabuni.

2. Chagueni mahali palipo mbali na kilabu, kama darasa la shule au chini ya mti.

3. Kila mtu aeleze habari zake mwenyewe. Asimseme mwenzake, wala asimwamuru.

4. Yanayosemwa hapo yabaki hapo. Usimweleze hata mkeo au mumeo habari za mwenzako. Siri ikitoka, kikundi kitakufa.

5. Mwenzenu akianguka akanywa tena, msimfukuze. Mfuateni nyumbani kwake kesho yake asubuhi.

6. Wanawake wanaokunywa nao wakaribishwe. Wengi wao hujificha kwa sababu huonewa haya zaidi.

Nawe ndugu wa mgonjwa, usimzuie kwenda mkutanoni kwa kuogopa maneno ya majirani. Majirani walikwisha jua siku nyingi. Siku ya mkutano, mbakishie chakula, na usimpe kazi nyingine saa hiyo.

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliona haya siku ya kwanza ya kwenda darasa la kisomo. Tulidhani ni sisi peke yetu tusiojua kusoma. Tulipoingia tuliwakuta majirani zetu wamekaa, nao wanahangaika na herufi zile zile. Tukajifunza pamoja, na leo unasoma gazeti hili. Anayetaka kuacha pombe naye yuko hivyo hivyo. Akifika atawakuta wenzake.

Kama unamjua mtu asiyejua kusoma ambaye anataka kuacha pombe, msomee ukurasa huu. Msomee mkiwa wawili tu.