Mbona Sisi Tulichapwa?

Imani kwamba fimbo na matusi ya utotoni humkomaza mtu inatetewa kwa hoja moja, Kinondoni hadi Temeke, Dar es Salaam: "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Majuzi ilitolewa kwenye kikao cha wazazi Mbagala, ukumbi ukapiga makofi. Ni hoja ya hovyo. Anayeitoa ni aliyenusurika. Aliyevunjika hafiki kikaoni kutoa ushahidi.

Watoto hawazaliwi na moyo mmoja. Katika chumba kimoja cha kupanga Tandika, kaka huchapwa asubuhi na jioni yuko uwanjani anacheza chandimu. Mdogo wake, kwa fimbo zile zile, huanza kukojoa kitandani, chakula hakipiti, na mlango ukigongwa tu anashtuka. Hiyo ni hulka, si udhaifu. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuifuatilia New York mwaka 1956, wakaona tofauti hizo tangu uchanga, na kwamba mtoto huharibikiwa pale malezi yanapogombana na hulka yake. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wakaonyesha, huko huko Marekani, kuwa kadiri madhila ya utotoni yanavyorundikana ndivyo sonona, ulevi na majaribio ya kujiua yanavyozidi ukubwani.

Wapo wanaodai Panya Road, magenge ya vijana wanaopora watu jijini, wametokana na watoto kudekezwa. Kudekezwa na nani? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fimbo ingekuwa dawa, jiji hili lisingewajua Panya Road.

Shuleni kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Darasa likifurika, nani anahesabu? Na msongo ukiwazidi wasichana hadi wakaanguka na kupiga mayowe darasani, huitwa mtu wa maombi. Hakuna anayewauliza nyumbani kunaendaje.

Athari za fimbo na matusi hutibika. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na mtoto mwenye walau mtu mzima mmoja wa kumkimbilia huumia kwa kiwango kidogo kuliko asiye naye. Lakini mtu mzima huyo hawezi kuwa ndiye aliyeshika fimbo.