Uingereza yapandisha kizingiti, lakini kamba ingali mkononi mwa mwajiri

MABADILIKO ya sheria za uhamiaji yaliyofanywa na Uingereza tangu mwaka wa 2024 yamefunga milango kadhaa waliyoitegemea Wakenya wanaosaka ajira ughaibuni. Hata hivyo, swali lililo zito zaidi halijajibiwa: je, mfanyakazi aliyekwisha kuingia analindwa vipi dhidi ya mwajiri aliyemdhamini?

Chini ya utaratibu ulioanza Desemba 2020, mgeni hawezi kujiombea viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi bila mwajiri. Sharti kwanza apate kampuni au taasisi iliyopewa leseni ya udhamini na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, nayo imtolee cheti cha udhamini kinachotaja kazi na mshahara wake. Mwombaji huhitaji alama 70: 20 za udhamini, 20 za kiwango cha kazi, 10 za lugha ya Kiingereza na 20 za mshahara.

Mwanzoni kizingiti hakikuwa kirefu. Mshahara wa chini ulikuwa pauni 25,600 kwa mwaka. Mnamo Februari 2022, uhaba wa wafanyakazi ulipozidi, wahudumu wa kuwatunza wazee na wagonjwa nao waliruhusiwa kudhaminiwa, na maelfu ya watu kutoka Afrika na Asia wakaitikia mwito.

Ndipo mawakala walipopata shamba la kuvuna. Baadhi ya kampuni zilizopata leseni hazikuwa na kazi ya kutosha kuwapa watu zilizowadhamini. Wako waliolipa fedha nyingi ili kupata cheti, wakafika Uingereza na kukuta saa za kazi ni chache au hakuna kabisa.

Serikali ya Uingereza ilijibu kwa kukaza masharti. Machi 2024, wahudumu hao walipigwa marufuku kuandamana na wake, waume au watoto wao. Aprili mwaka huo, mshahara wa chini kwa kazi nyingi ulipanda hadi pauni 38,700, na Julai 22, 2025 ukafika pauni 41,700. Siku hiyo hiyo, kazi zisizofikia kiwango cha shahada ziliondolewa kwa jumla, isipokuwa chache zilizoorodheshwa, na uajiri wa wahudumu kutoka ng'ambo ukakomeshwa. Tangu Januari 2026, kiwango cha Kiingereza kinachotakiwa kwa waombaji wapya nacho kimepandishwa.

Wauguzi wangali na nafasi. Kinachopimwa hapa ni kiwango cha kazi yenyewe, wala si cheti cha mwombaji pekee, na uuguzi umo katika kiwango kinachokubaliwa. Aidha, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba Julai 2021 kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya, ambao unataka uajiri huo upitie katika njia zilizoafikiwa na serikali hizo mbili.

Lakini ukali wa masharti ya kuingia si sawa na ulinzi wa aliyeingia. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, leseni zaidi ya 470 za waajiri katika sekta ya utunzaji zilifutwa, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Mwajiri aliyekosa alipoteza leseni. Mfanyakazi asiye na hatia alikabiliwa na hatari ya kupoteza haki ya kuishi nchini humo. Kwa kawaida, viza yake inapokatizwa, hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke.

Ni kweli kwamba sheria inamruhusu kumhama mwajiri. Ila sharti ampate mwingine mwenye leseni, apate cheti kipya na kuwasilisha ombi jipya. Mwajiri wa awali naye anatakiwa kuijulisha wizara katika muda wa siku 10 za kazi mfanyakazi anapoondoka. Katika hali hiyo, anayenyimwa mshahara wake hufikiri mara mbili kabla ya kulalamika. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Zipo hatua zilizolenga kumfaa mfanyakazi. Aprili 2025, waajiri wa sekta hiyo katika England walitakiwa kuwafikiria kwanza wahudumu waliopoteza wadhamini kabla ya kuleta wengine. Vilevile, kwa vyeti vilivyotolewa tangu Desemba 31, 2024, mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya leseni wala ya cheti. Mkenya anayedaiwa fedha za cheti cha udhamini leo ana kila sababu ya kushuku, na orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwa umma kukaguliwa bila malipo.

Hatua hizo ni njema, lakini hazijaigusa kamba yenyewe. Maadamu haki ya kuishi nchini imefungwa kwa jina la mwajiri mmoja, kupandisha mshahara wa chini kutapunguza idadi ya wanaoingia tu. Serikali ya Kenya, inapojadiliana kuhusu ajira za ng'ambo, haina budi kuuliza mfanyakazi atapewa muda gani, na msaada gani, siku mdhamini wake atakapoanguka. Idadi ya nafasi za kazi pekee haitoshi kuwa kipimo cha mkataba mwema.